Mshika Mengi kwa Macho

Harufu ya mawese ndiyo iliyotuarifu kwamba soko la Butembo liko karibu. Msimu ule wa mavuno ya maharagwe, mama alishuka kutoka kwetu Vulamba kila asubuhi kwenda kuuza, nami nikamfuata nimemshika mkono mdogo wangu Kavira, aliyekuwa ndiyo kwanza ajue kukimbia. Vumbi jekundu, makabichi yaliyorundikwa kama ukuta, honi za pikipiki: macho hayakujua yatue wapi.

Siku moja niliinama kufunga kiatu. Nilipoinuka, Kavira hakuwepo. Mama alipiga yowe akiniita, “Masika!”, na wauzaji wakanizunguka. “Alivala robe ya rangi gani?” “Alipitia wapi?” “Ulikuwa unaangalia nini?” Nilijua kwamba kuna kitu nilikiona kabla tu ya kuinama, lakini kila swali lilikifuta kidogo, kama chaki inavyofutwa ubaoni. Mshika mawili moja humponyoka. Mimi nilishikishwa kumi.

Ndipo Mama Kahindo, jirani yetu wa meza ya viazi, akainua mkono. “Munyamaze kwanza! Munamuchanganya mutoto. Masika, funga macho. Rudia kuangalia pale ulikuwa unaangalia.”

Nikafumba macho. Gizani ikaja rangi ya kijani, kisha samaki wa manjano: kitenge cha mwanamke. Mkononi mwake alining’inia kuku mwekundu, kichwa chini, na Kavira akimkodolea macho.

“Amefuata kuku,” nikasema. “Mama wa kitenge ya samaki.”

Tulimkuta kwenye kona ya wauza chumvi, nyuma ya mwanamke asiyejua kwamba anafuatwa, Kavira akimbembeleza kuku kwa Kinande, lugha yetu ya nyumbani. Mama alimnyakua, akacheka huku machozi yakimtiririka, na siku ile tulikula maandazi mpaka tukashiba.

Leo nafundisha shule mjini Beni, na nimesoma kwamba ubongo hushika kwa muda mfupi vitu vichache tu kati ya vile macho yanavyoona, na vipya huvisukuma vya zamani. Mama Kahindo hakuhitaji kusomeshwa hilo; alikuwa amelea watoto. Wanafunzi wangu hupiga ubao picha kwa simu, na siwalaumu, kwani simu hushika mengi kuliko mimi. Watoto wa Kavira nao wana picha zao tangu siku ya kuzaliwa. Yeye hana hata moja ya utoto wake. Kwa hiyo akija kunitembelea huniuliza mimi dada yake mkubwa, “Yaya, nilikuwa aje?” Nami namweleza, mashavu, nywele, pengo la jino, polepole, mpaka anaanza kutabasamu kama mtu anayejiona.