Niliuzisha mutumbwi uliozama, watu wake nikawaficha

Nilikosa. Sitawatafutia maneno ya sukari. Mimi bibi wa kufunga Ramadhani yote na sita za Shawali juu yake, nilikosa, na jina langu mutaniachia. Kasongo ni ndogo, wenye kunijua wameshanijua.

Sikilizeni.

Binti mumoja wa chuo kikuu alilala kwangu musimu wote wa mvua. Alikuwa anaenda Nyangwe kuuliza wavuvi habari za mutumbwi mukubwa uliozama kwenye kona ya Lualaba, zamani za biashara ya pembe za ndovu. Aliuliza wazee, alisoma makaratasi ya mbali, alipima muto kwa kamba mpaka wavuvi wakamucheka. Alipomaliza akaniletea kitabu chake cha Kifaransa, kimeshonwa vizuri.

"Bibi," akasema, "wavuvi walinipa hii habari bure. Na weye uwasomeshee watu bure. Na usikate kitu."

Nikasema ndiyo. Ndiyo ya mudomo!

Kifaransa changu kinaishia kwenye bonjour. Lakini mukamwana wangu Mariamu ni mwalimu. Kila alasiri mimi ninapepeta muchele, yeye ananigeuzia kwa Kiswahili. Kichwa changu kikikamata kitu hakiachi.

Siku moja akafika pahali akafunga kitabu, kidole ndani.

"Endelea."

"Mama, hapa inasema mutumbwi ulikuwa wa nani."

Ulikuwa wa nyumba ya babu wa marehemu mume wangu. Na ndani? Pembe. Na watu waliozibeba hizo pembe kwa miguu kutoka upande wa Kabambare, wamefungwa munyororo shingoni, wawili wawili. Mutumbwi ulipopinduka, wenye shingo tupu waliogelea.

"Ruka," nikamuambia.

"Mama, binti alisema tusikate..."

"Nimesema ruka! Muchele utaungua."

Na muchele ulikuwa bado kwenye ungo, wandugu. Moto hata haujawashwa!

Sasa ingine. Kwetu hapa muzee hafunguliwi kinywa mikono mitupu. Ukitaka habari za kale, unakuja na kuku ya kufungua kinywa. Hiyo ni heshima, sikatai. Lakini kuku hiyo ni ya habari uliyorithi kwenu, na unaichinja siku ileile, unakula pamoja na aliyekuuliza. Mimi nilikamata kuku juu ya jasho la mutoto wa watu. Na sikuchinja hata moja. Nilifuga!

Wateja walikuwa wachimba dhahabu wa Salamabila na Lusangi, wale wanaopita sokoni na moto zao, pikipiki zenye matope. Ukiwatajia pembe zimelala chini ya maji, masikio yanasimama kama ya sungura. Nikapanga bei. Jogoo kwa Kiswahili. Tetea anayetaga kwa Kibangubangu, lugha ya upande wa Kabambare, sababu Kibangubangu ni kazi nzito, na mimi ninakijua sawasawa: bibi yangu mzaa mama alinibeba mugongoni na kunigombeza kwa lugha hiyo.

Kuku wakajaa mpaka chini ya kitanda! Nikisujudu, jogoo anapanda mugongoni anawika. Na mimi ninaona ni baraka!

Wanaume wakashuka Nyangwe na mashini zao za kuvutia hewa, wakazamia. Walitoa gurudumu la baiskeli. Walitoa sufuria. Walitoa cherehani, na wawili wakapigana juu yake. Pembe? Hapana. Mumoja akarudi kwangu na hasira.

"Bibi, mwenzangu ulimuambia pembe zilijaa mutumbwi. Mimi ulinipa nusu mutumbwi!"

"Kuku yako ilikuwa inakohoa," nikamujibu.

Kiisha nikasikia kijana mumoja Salamabila amenikamata sauti kwenye telefone, anawasikilizisha watu kwa bei yake. Damu ikanipanda! Nikavaa kitenge cha idi, nikaenda kwa chefu wa mutaa kushitaki wizi.

"Mama, hiyo habari ni ya nani?" chefu akauliza.

"Yangu!"

"Kwani ni weye ulizama?"

Watu walicheka mpaka mumoja akaanguka na benchi. Ningepata akili siku ile. Sikupata. Nilirudi nyumbani nikaongeza bei.

Kosa lenyewe likaja na mutu jina lake Ramazani. Mwanaume mutaratibu, muchimbaji, mutu wa Kabambare, maji ya muto bado yanamutoka kwenye masikio. Hakuja na kuku. Aliniamkia kwa Kibangubangu, akaketi chini.

"Bibi, mimi pembe sitaki. Nataka kuuliza tu. Kwetu, kila mavuno, mama anaweka pembeni sahani moja ya bugali. Ni ya muzee wetu aliyekamatwa kubeba pembe, hakurudi. Hatujui alifia wapi, sasa hatujamulilia, tunamungojea na sahani. Nilisikia juu ya huu mutumbwi. Katika kitabu, kulikuwa na watu?"

Mariamu alikuwa mulangoni na madaftari ya wanafunzi wake. Alisimama.

Nikamuangalia yule mwanaume machoni. "Hakuna mutu. Pembe tu."

"Hata wapiga kasia?"

"Ulikuwa unajiendesha."

Ee Mungu wangu! Mutumbwi unaojiendesha! Nilisema mimi, na meno yangu haya yaliyobaki! Na yeye, juu ya heshima ya mvi zangu, akatikisa kichwa akakubali.

"Aksanti, Bibi. Kuku sina. Lakini nilitoa hii chini ya matope. Kutu imeila, haifai kitu. Utafungia mbuzi."

Ilikuwa munyororo, na pete mbili nene za chuma. Nilijua ni nini. Munisikie vizuri: nilijua. Na nikafungia mbuzi!

Mbuzi akavuta shingo, akatoka. Akaenda kula sombe, majani ya muhogo ya jirani. Nikamurudisha, nikamufunga tena, akatoka tena. Kila asubuhi ni mimi na mbuzi, mimi na mbuzi, na kuku wanatuangalia kama watu wa mupira. Mwisho jirani akaja na majani yake yaliyotafunwa mukononi.

"Mama, hii pete inamupwaya mbuzi. Fundi alipimia shingo ya nani?"

Nilikaa chini pale pale kwenye mavi ya kuku.

Mariamu hakunigombeza. Aliniambia tu, "Mama, mwanafunzi akiruka ukurasa ninamurudisha nyuma. Weye nikurudishe wapi?"

Nikatuma habari kwa Ramazani aje. Wenzake wakajibu: amerudi kwao. Amemuambia mama yake kitabu kimesema hakuna watu. Na mama ameondoa sahani.

Ameondoa sahani! Juu yangu! Muzee wa watu, aliyezama mara moja, mimi nikamuzamisha mara ya pili, na mara hii nikachukua mushahara wa chuma.

Nikapanda moto ya kukodi mpaka Kabambare. Mimi na umri huu, kuku wamefungwa miguu pande zote, vichwa chini, wananipigia kelele njia nzima, munyororo kwenye kikapu juu ya mapaja. Kwenye matope dereva anasema, "Bibi, shuka usukume." Nikashuka nikasukuma. Haki yangu.

Mama wa Ramazani ni muzee kama mimi, mukali kama mimi. Hakunikaribisha kiti. Nikasimama nikasema kitabu chote kwa Kibangubangu, toka mwanzo: mutumbwi wa nani, pembe, munyororo, wawili wawili, nani aliogelea na nani hakuogelea. Majina ya waliozama kitabu hakikuyapata, na hilo pia nikalisema. Sikuruka.

Alilia kidogo. Kiisha akapangusa uso na kitenge, akaniuliza:

"Hiki Kibangubangu chako ni kizuri, cha zamani. Ulikitoa wapi?"

"Kwa bibi yangu mzaa mama."

"Na yeye alifikaje Kasongo, katika nyumba za wafanya biashara?"

Wandugu, miaka yangu yote sikuwahi kumuuliza. Alinibeba mugongoni, alikuwa na alama nyeusi hapa kwenye shingo, nilikuwa ninaichezea na kidole. Sikuuliza.

Nilibaki kinywa wazi, na hakuna kuku aliyekifungua.

Yule mama akaingia jikoni. Tukachinja kuku, tukala pamoja na majirani wote, kama inavyotakiwa. Mbele ya kula aliweka sahani pembeni, ya muzee wao. Akaniangalia. Kiisha akaweka ya pili, ya bibi yangu.

Munyororo nimewarudishia wavuvi wa Nyangwe. Binti nimemupigia telefone nikamuambia yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kiisha akakata. Ni haki yake. Sokoni wananiita Mama Unajiendesha, na watoto pia.

Weye mwenye kugeuza maneno ya watu kutoka lugha moja kwenda ingine, usifanye kama mimi. Usiuzishe ulichopewa bure. Na ukifika pahali ulimi unataka kuruka, simama papo hapo, uliza. Pengine ni kwenu.

Mbuzi sasa ninamufunga na kamba.