Sheria Ilipomfikia Kubena

Mwaka 1985, jimbo la Texas lilipoleta sheria zake mpya za elimu, mtu pekee mjini Hallis aliyezisoma tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho alikuwa Alphus Tredwell, mkuu wa shule ya sekondari. Alizisomea mezani jikoni, penseli mkononi. Mkewe Verna alipomuuliza kuna nini humo, alimjibu, "Kuna kazi."

Hakuzichukia, na hilo watu wa Hallis hawakulielewa kamwe. Tredwell alikuwa mtu mweusi wa miaka hamsini na sita. Zamani alikuwa mkuu wa shule ya weusi. Shule za weusi na za wazungu zilipounganishwa, yake ikafungwa, naye akapewa kusimamia mabasi. Kwa miaka kumi na mmoja alikagua matairi huku vijana aliowazidi elimu wakipandishwa vyeo juu ya kichwa chake, kwa kuwa Hallis ndivyo mambo yalivyokuwa yakienda. Neno "desturi" lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Sheria iliyoandikwa, hata ikiwa mbaya, angalau unaweza kuinyooshea kidole.

Mwishowe alipopewa ofisi ya mkuu, walimu walimpa mkono kwa ncha za vidole. Mchana, kwenye chumba cha kulia, viti vilivyomzunguka vilibaki vitupu. Mtu mmoja tu ndiye aliyevuta kiti. Huyo alikuwa Ignac Kubena, Mcheki aliyefundisha useremala, mwenye mikono mipana kama makasia na vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Akafungua kopo la maandazi yaliyojazwa matunda ya plamu, aliyooka mkewe, akalisukuma katikati ya meza.

"Kula, Alphus. Ukingoja hawa wakukaribishe utakufa njaa."

Tangu siku hiyo wakawa wanakula pamoja kila mchana, miaka minne mfululizo.

Sheria ya kwanza iliuma mwezi Oktoba. Ilisema mwanafunzi akipata chini ya alama sabini katika somo lolote, asicheze mchezo wowote kwa wiki sita. Na Hallis ni mji wa mpira, ule wa kuvaa kofia ngumu na kugongana kama kondoo dume. Timu ilikuwa imeshinda mechi tano. Mkimbiaji wake hodari, Randy Kuykendall, akapata sitini na saba katika historia.

Kocha Burl Hatcher aliingia ofisini bila kubisha hodi.

"Alama tatu, Tredwell. Tatu tu! Hata mizani ya dukani inakosea zaidi ya hapo."

"Mwambie kijana asome."

"Mwalimu wake anasema ukimwambia, atasahihisha upya."

"Simwambii."

"Mji mzima utakupa mgongo."

"Kwani lini ulinipa uso?"

Randy hakucheza. Hallis ikafungwa na majirani zao wa Moulden, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa miaka tisa. Jumatatu Tredwell akakuta kicheche mfu ndani ya sanduku lake la barua, ananuka nyumba nzima. Mkahawani, mhudumu akawa hamwoni ingawa alisimama mbele yake. Na alipokwenda kununua chakula cha kuku kwenye duka la Dub Kuykendall, baba yake Randy na mjumbe wa bodi ya shule, alikuta wanaume sita wameegemea magunia wakimngoja aingie.

"Nasikia na nyinyi wakubwa mna mtihani wenu Machi," Dub akasema kwa sauti. "Eti kusoma na kuandika, kama watoto."

"Ni kweli."

"Sijui mkuu wetu atapata ngapi? Isije ikawa sitini na saba, jamani!"

Wakacheka mpaka mmoja akakohoa. Tredwell akangoja wamalize.

"Nikianguka, Bwana Kuykendall, nitaondoka mwenyewe bila kufukuzwa. Sheria ni sheria."

Maneno hayo yalifika shuleni kabla yake. Mchana ule Kubena alitafuna andazi polepole sana.

"Umejifunga kamba, Alphus."

"Kusoma najua, Ignac."

"Sikusema wewe."

Tredwell alikuwa bado ana hasira za dukani. Hakuuliza alimaanisha nani.

Machi ikafika. Kila mwalimu na kila mkuu wa shule katika jimbo zima alifanya mtihani siku ile ile. Asiyefuzu angepoteza leseni. Walikalishwa kwenye meza za wanafunzi, magoti yakigonga mbao. Mlangoni alisimama msichana aliyewahi kufundishwa na Tredwell mwenyewe. Akamtazama usoni, akatazama kitambulisho chake, akamtazama tena.

"Samahani, mwalimu. Wametuambia tuhakikishe kila mtu ndiye mwenyewe."

Mtu mwenye shahada mbili na miaka thelathini ya kazi aliulizwa mkato uwekwe wapi katika sentensi. Sehemu ya mwisho ilitaka kila mmoja aandike insha kuhusu jambo la kazini ambalo angependa libadilike. Tredwell akajaza kurasa zake bila kuinua kichwa. Alipokiinua, alimwona Kubena meza ya tatu, ameshika penseli kama kitu cha kuazima. Karatasi yake ilikuwa na mistari minne.

Majibu yalikuja Mei. Tredwell alifuzu. Hatcher alifuzu, akapita ukumbini akipiga mluzi. Mwalimu mmoja tu wa Hallis alikuwa ameanguka, na barua ilisema ana nafasi moja zaidi mwezi Juni. Tredwell aliipeleka karakana ya useremala kwa mkono wake.

Kubena aliweka randa chini, akaisoma barua huku midomo ikicheza.

"Kusoma nimepita. Kuandika nimeanguka."

"Kuna Juni. Tutakaa mimi na wewe kila jioni baada ya kazi, nitakufundisha."

"Nina miaka sitini na mbili. Kiingereza nimekikuta shuleni nina miaka minane, na kabla sijakizoea baba akanitoa nikavune pamba." Akaonyesha mlango kwa kidole. "Nusu ya milango ya wilaya hii imetengenezwa na watoto niliowafundisha mimi. Kuna hata mmoja unaokwama?"

"Hakuna. Jana nimemwambia mkurugenzi wa elimu hivyo hivyo. Anasema msamaha hakuna, kwa mtu yeyote."

"Na nisiporudia mtihani?"

Tredwell akaitazama randa iliyolala mezani.

"Sema basi. Jibu si unalo? 'Sheria ni sheria,' ulimwambia Dub mbele ya watu."

"Ignac, siku ile ilikuwa..."

"Siku ile ilikuwa mtoto wa mtu mwingine. Toka kwenye karakana yangu."

Bodi ya shule, iliyokuwa haimpi Tredwell hata salamu, sasa ikamjia kwa upole. Dub alikalia kiti cha ofisini kofia ikiwa magotini. Alisema Kubena ni mtu wetu, kila mtu anamjua. Abaki darasani kama kawaida, ila kwenye fomu ya jimbo liandikwe jina la mwalimu mwingine mwenye leseni. Kilichotakiwa ni sahihi ya mkuu.

"Kwa Randy ulikaza, haya, tumemeza," Dub akasema. "Huyu ni rafiki yako. Au wewe huna rafiki?"

Fomu ilikaa mezani siku tatu. Verna hakupenda kuingilia mambo ya shule, lakini usiku wa tatu alishindwa kujizuia.

"Mtilie sahihi, Alphus."

"Nikifanya hivyo tunarudi kule kule, anayejulikana ndiye anayepita. Nimeishi huko miaka kumi na mmoja, nikipaka mabasi grisi."

"Ignac alikaa na wewe ulipokuwa hujulikani na mtu."

Asubuhi aliirudisha fomu kwa bodi bila sahihi. Juni ikaja ikapita, na Kubena hakwenda kwenye mtihani.

Siku ya kupakia vyombo, wavulana wanne walimsaidia kubeba misumeno na masanduku mpaka kwenye pikapu yake. Tredwell akatoka ofisini, akashika jiliwa la chuma, lile la kubania mbao, lililobaki mlangoni.

"Weka chini," Kubena akasema. "Hilo nililinunua mwenyewe."

Akaliweka. Kubena akalibeba peke yake, mishipa ya shingo ikimtoka, akapanda garini na kuondoka.

Hallis haikupata mwalimu mwingine wa useremala mwenye leseni. Karakana ikawa stoo ya viti vibovu. Tredwell aliandikia jimbo barua mara tatu, akieleza kwamba sheria ile imemkata mtu asiyestahili. Alijibiwa mara moja, akishukuriwa kwa maoni yake. Mjini, wale waliomchukia kwa ajili ya Randy sasa walipata sababu safi zaidi, na waliitumia. Aliendelea kuwa mkuu. Alikula mchana ofisini, mlango umefungwa.

Miaka mitatu baadaye Kubena alianguka shambani kwa kiharusi, akafa. Tredwell alikwenda mazishini, na baada ya ibada akaingia ukumbi wa kanisa ambako watu walikuwa wakila. Mjane, Ludmila, alikuwa akigawa supu. Alipomwona, akauacha upawa ndani ya sufuria.

"Umekuja kuhakikisha amefuzu?"

Tredwell akavua kofia.

"Nimekuja kumzika rafiki yangu, Bi Ludmila."

"Wewe rafiki yako ulimzika Mei ile." Akajaza bakuli, akampa mtu aliyesimama nyuma ya Tredwell. "Anayefuata!"

Tredwell hakutoka. Alivuta kiti karibu na mlango, akakaa, kofia mkononi, na hakuna aliyemletea hata kahawa. Alikaa mpaka meza zilipofutwa na wanawake wakaanza kukunja vitambaa. Ndipo akainuka, akamwinamia mjane, ambaye alikuwa amempa kisogo, akaenda nyumbani.

Verna alikuwa akimngoja barazani.

"Walikwambiaje?"

Alivua koti, akalitundika. "Verna," akasema, "ile fomu wangeniletea leo, sijui ningefanya nini. Nakwambia kweli, sijui."

Kesho yake ilikuwa Jumatatu. Saa moja alikuwa ofisini, na kocha Hatcher alikuwa amekwishatangulia, amekaa anamngoja, na karatasi ya alama za mchezaji mwingine mkononi.