Mzigo wa Majani kwa Bibi

Kwa miaka ishirini na moja Adelina Mlay aliishi Hayes, magharibi ya London, bila kuwa na mnyama hata mmoja. Kwa mwanamke aliyezaliwa Mamba, mlimani Kilimanjaro, hiyo ni sawa na kuishi bila jiko. Kwao ng'ombe haendi malishoni. Ng'ombe anakaa bandani kama bwana mkubwa, na majani ndiyo yanayomfuata alipo, juu ya vichwa vya wanawake na watoto wa kike. Adelina alianza kukata majani akiwa na miaka saba. Shingo yake ilikuwa fupi na nene, naye alipenda kusema kwamba Mungu alimpa ndefu tu, ila mizigo ya majani ndiyo iliyoididimiza.

London alikuja kutunza wazee. Aliwaogesha, aliwalisha, aliwafumba macho walipomaliza safari, ndege za Heathrow zikipita juu ya paa bila kujali nani anakufa. Mumewe alirudi Moshi akaoa tena huko. Mwanawe Noel alikua, akaanza kujibu kwa Kiingereza kila alipoulizwa kwa Kiswahili, kisha akahamia Thamesmead, mwisho mwingine wa jiji. Nyumba ikapoa. Ndipo siku moja, kwenye ubao wa matangazo wa maktaba, akaona klabu ya wapanda farasi inatafuta watu wa kujitolea, uzoefu si lazima.

Mwaka wa kwanza alizoa mavi. Wa pili wakamfundisha kupanda, akaanguka mara tatu, akapanda mara nne. Klabu yenyewe ilikuwa ndogo, mabanda manane kando ya msitu mpakani mwa jiji, na wanachama ndio waliozitunza njia za farasi humo msituni. Jumamosi walikuwa vibarua wasiolipwa: wanafyeka miiba, wanajaza vipande vya mbao kwenye matope, wanarekebisha mageti. Jumapili wanavaa vizuri, wanapanda farasi na kupita humo humo walimotengeneza.

Mwenyekiti wao alikuwa Sandeep, mzee wa mtaa wa Kenton aliyezaliwa Kisumu na kupima watu macho maisha yake yote. Kiswahili chake kilikuwa na kutu lakini kilikata. Siku ya kwanza kabisa alimwambia Adelina neno ambalo hakulisahau. "Mama Noel, kwa farasi hakuna 'nilidhani'. Ukidhani wewe, anakufa yeye."

Na kati ya farasi wote wanane, Adelina alimpenda mmoja kupita kiasi. Alikuwa farasi jike wa kijivu, mwenye umri wa miaka ishirini na minne, mvivu, mwenye mgongo uliobonyea. Daftarini aliitwa Clover. Adelina alimwita Bibi, na baada ya mwaka Bibi akawa haitikii jina jingine.

Jumamosi moja ya mwisho wa Septemba wenzake walikwenda kuinua geti lililolala. Adelina alipewa msumeno na kutumwa peke yake mbele, hadi pale katikati ya msitu ambapo farasi hufungwa kwenye boriti ndefu ya mbao ili watu wanywe chai. Tawi moja nene lilikuwa limening'inia juu ya njia na kuwagonga watu vichwa. Akalikata. Likaanguka likiwa na vitawi kumi na viwili, vya kijani kilichokolea, majani yake membamba na laini, na huku na huku punje ndogo nyekundu kama shanga.

Sheria ya klabu ilijulikana. Kila kilichokatwa kinaburutwa ndani ya msitu, mbali na njia, mbali na farasi. Adelina aliisikia sheria hiyo kila Jumamosi na kila Jumamosi ilimkera. Wazungu hawa kwa kutupa! Majani mabichi namna ile yaoze bure, na wanyama wanafika pale wamechoka? Alitazama nyuma, akaona hakuna mtu. Mikono yake ikafanya kazi iliyoijua kabla ya kujua kusoma: ikavipanga vitawi kumi na viwili, vikonyo upande mmoja na ncha upande mwingine, ikavikaza kwa kamba, ikavifunga fundo la nyumbani. Akautundika mzigo ule mwisho wa boriti, mahali ambapo Bibi alifungwa siku zote. Alirudi kwa wenzake akitabasamu peke yake.

Jumapili hakupanda. Mara moja kwa mwezi palikuwa na ibada ya Kiswahili katika kanisa la kale la Waingereza walilokuwa wakiazimwa, na siku hiyo ilikuwa zamu yake kugawa maandazi. Ibada ilikwisha saa nane na robo mchana. Watu wakatoka uani, kati ya makaburi, wakila na kupiga soga. Mtoto mmoja akanyoosha mkono kwenye mti mkubwa mweusi uliosimama karibu na ukuta.

"Wewe! Wacha hiyo mti!" Aliyepiga kelele alikuwa Wambui, muuguzi kutoka Nyeri, rafiki yake Adelina wa siku nyingi. Akamvuta mtoto, akamkung'uta vidole. "Hiyo ni sumu. Mzee wa kanisa alituambia, si mnakumbuka? Inaitwa yew. Majani, mbegu, yote sumu. Alisema hata farasi akikula kidogo tu anaanguka hapo hapo, hata daktari hafiki."

Adelina alikuwa ameshika sahani. Alitazama majani yale, membamba na laini. Akatazama zile punje nyekundu. Sahani ikainama yenyewe na maandazi yakaanza kudondoka moja moja, naye hakuyaona.

"Mama Noel? Uko sawa?"

"Saa ngapi?"

"Saa nane na nusu inakaribia. Kwani nini?"

Saa nane kamili farasi walikuwa wametoka mabandani. Saa tisa wangefungwa kwenye boriti. Adelina alitaka kusema hayo yote. Alichoweza kusema ni "Gari lako," na Wambui, ambaye kazini alizoea kuona nyuso za namna ile, hakuuliza la pili. Alitoa funguo.

Njiani Adelina alipiga simu ya ofisi ya klabu. Iliita hadi ikakata, maana ofisini hapakuwa na mtu. Akapiga ya Sandeep. Kimya. Akapiga tena, na huku anapiga akakumbuka, na kumbukumbu hiyo ikamkata maini. Simu zote hunyamazishwa na kutiwa mkobani wakati wa kupanda. Sheria hiyo aliileta yeye mwenyewe, mkutanoni, kwa kunyoosha mkono, baada ya simu yake kulia msituni na kumtia farasi mmoja kiwewe. Walimpigia makofi siku ile.

"Nimewaua," alisema.

"Umeua nani? Ongea, mama!"

Akaeleza. Wambui alisikiliza macho yake yakiwa barabarani, akabadilisha gia, akapita taa ya njano ambayo siku nyingine asingeipita. Palikuwa na foleni karibu na mzunguko. Watu wanatoka madukani, wanavuka polepole na mifuko yao, na Adelina aliwachukia wote kwa kutembea. Alijaribu kuomba, lakini sala yenyewe ilikuwa moja tu: wachelewe, Baba, wachelewe, mmoja wao adondoshe kofia.

Saa nane na dakika hamsini na mbili gari lilisimama kwenye lango la msitu. Kutoka hapo ni miguu. Adelina alivua viatu vya kanisani, akakunja kitenge, akakimbia. Alikuwa na miaka hamsini na minne na magoti mabovu. Njia aliijua kila hatua, kwa kuwa yeye na wenzake ndio walioitengeneza, na vile vipande vya mbao alivyovimwaga kwa mikono yake vikawa vinamchoma nyayo. Aliogopa kupiga kelele, farasi wasije wakashtuka. Aliogopa kunyamaza. Aliogopa zaidi kile ambacho angekikuta kimelala chini mbele yake, tumbo juu.

Alisikia kicheko kwanza. Kisha akaona vikombe vya chai, kofia zimewekwa nyasini, farasi saba wamefungwa kwenye boriti. Na mwisho wa boriti, mahali pake, Bibi. Mzigo ulikuwa umevutwa ukaanguka, kamba imelegea. Mdomoni mwa Bibi palikuwa na kitawi kinachotikisika akitafuna.

Adelina hakukumbuka baadaye jinsi alivyofika. Alikumbuka tu mkono wake ukiwa ndani ya mdomo wa farasi, nyuma ya ulimi, ukichota majani yaliyotafunwa, mate ya kijani yakimtiririka hadi kwenye kiwiko.

Sandeep alikuja haraka. Alitazama lililokuwa chini, na uso wake ukabadilika rangi. "Toeni farasi wote!" aliwaambia wenzake kwa Kiingereza. "Polepole, wasikimbie!" Kisha kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini yenye hasira, "Ni hawa wakata miti wa msitu, sio? Wameacha takataka hapa. Mimi nitawashtaki."

Pale palikuwa na mlango wa kukwepea, na Adelina aliuona. Angeweza kunyamaza tu. Hakuna aliyemwona akifunga mzigo ule, na wakata miti walipita msituni kila wiki. Aliogopa klabu ingemfukuza. Aliogopa asingeruhusiwa kumgusa Bibi tena, na angerudi kwenye ile nyumba iliyopoa.

"Ni mimi," alisema. "Nilikata jana. Nilimfungia Bibi. Nilidhani..."

Simu ilikuwa sikioni mwa Sandeep tayari, daktari wa wanyama yuko upande wa pili. "Anauliza amekula kiasi gani."

"Vilikuwa kumi na viwili," Adelina alisema. "Nilivihesabu." Akapiga magoti, akavipanga tena nyasini, kimoja kimoja. Vizima kumi na kimoja. Cha kumi na mbili kilibaki fimbo tupu, na nusu ya majani yake ilikuwa pale chini, katika kile alichokichota mdomoni. Sandeep akarudia hesabu hiyo kwenye simu.

Jibu la daktari lilikuwa fupi. Dawa ya sumu hiyo hakuna. Kitawi nusu kinaweza kumuua farasi mzee, kinaweza kisimuue. Kinachoangusha ni moyo, kwa hiyo asitembezwe, asishtuliwe, asiogopeshwe. Mtu aliyezoeana naye asimame naye, atulie. Yeye yuko njiani.

Sandeep hakuuliza mtu mwingine. Alimpa Adelina kamba.

Basi mtu mwenye hofu kuliko wote msituni ndiye aliyetakiwa asiwe na hofu. Farasi anajua, hudanganyi. Ukishika pumzi, naye anashika pumzi. Adelina alisimama peku, kitenge kimechanika, akafanya alichokifanya miaka ishirini na moja kando ya vitanda vya wazee. Alishusha mabega. Alivuta pumzi taratibu, akaitoa taratibu. Aliweka kiganja shingoni mwa Bibi na kumsemesha kwa Kichaga maneno ambayo mama yake aliwaambia ng'ombe wanaozaa. Ndani alikuwa analia kwa kelele, lakini mkono haukutikisika.

Daktari alifika, akasikiliza moyo, akatikisa kichwa, akasikiliza tena. Mapigo yalikuwa yanaruka. Mara moja magoti ya mbele ya Bibi yalilegea, akayumba, na Wambui, aliyekuwa amemfuata kutoka langoni na kukaa pembeni, akafunika uso. Adelina hakufunika. Aliendelea kusema maneno yale yale. Bibi akajishika, akasimama.

Ilipofika saa kumi na mbili wakamrudisha bandani, hatua moja, wanasimama, hatua moja. Daktari alisema hadi saa tisa ya kesho yake. Akiwa hai saa hiyo, ataishi.

Jumatatu Adelina aliomba ruhusa kazini na kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mbele ya banda. Sandeep alikaa naye. Hakumlaumu wala hakumfariji, na Adelina hakujua lipi lilikuwa baya zaidi. Saa tisa kasoro daktari alikuja na vyombo vyake. Alisikiliza kwa muda mrefu, upande huu, upande ule. Akavua vyombo masikioni. "Mpeni chakula," alisema, akaenda kunawa.

Sandeep alikwenda stoo. Alirudi na fungu la majani makavu na kipande cha kamba, akavitua vyote mapajani mwa Adelina.

"Siwezi, mzee. Mpe wewe."

"Mimi sijui kufunga kama wewe," Sandeep alisema. "Funga. Mpe."

Akafunga. Vidole vilikosea fundo mara mbili, fundo alilolijua tangu akiwa na miaka saba. Kisha akalifungua tena na kuanza kukagua majani, unyasi mmoja baada ya mwingine, akiupeleka kwenye mwanga, akiunusa. Bibi hakungoja ukaguzi uishe. Alinyoosha shingo juu ya mlango na kuvuta fungu zima kutoka mikononi mwake, kama alivyofanya siku zote, na Adelina akafumba macho, akahesabu kila mtafuno.