Mtumbwi Usiovuja

Dada yangu alikuwa na kazi moja ndani ya mtumbwi wa baba: kukumba maji. Alikaa nyuma, miguu imelowa, kopo la maziwa ya unga mkononi, akichota na kumwaga tangu Lweba mpaka Baraka. Baba alipiga kasia, magunia ya mihogo na madumu ya mawese yalikaa katikati, na mimi nilikaa juu ya magunia kwa sababu nilikuwa mdogo na sikuwa na faida yoyote.

“Papa,” dada alimtania siku moja akimwaga maji nje, “siku nitaolewa, nani atakutoshea mayi?”

“Siku ile nitakuwa na mutumbwi ya mpya,” baba akajibu, na wote wawili wakacheka.

Hakuwa anaota. Baada ya vita vya kwanza vilivyopita kwetu, wenye mitumbwi wa Baraka walikuwa wameunda chama tulichokiita mutualite. Aliyepoteza mtumbwi wake ziwani, wenzake wote walimchangia mbao, misumari na fundi, naye akapata mwingine. Walikuwemo Wabembe na Wabwari, Wakatoliki na Waprotestanti, Waislamu wa kando ya ziwa na wafanyabiashara wa Kazimia. Vita vilikuwa vimewafundisha watu kutazamana kwa jicho la pembeni, na mutualite iliwarudisha kwenye sahani moja. Hilo siwezi kulidharau hata leo.

Sahani yenyewe ilikuwa sikukuu ya mwanzo wa kiangazi. Watu wa Kilembwe walishuka na karanga, wa Kazimia wakaleta samaki. Mbuzi walichinjwa na Mwislamu ili asipatikane wa kukataa nyama, na lotoko, pombe kali ya kienyeji, ilifichwa nyuma ya shule, mahali ambapo kila mtu alipajua, Waprotestanti wakiwa wa kwanza. Kwaya ziliimba kwa zamu, dufu likajibu, kisha bamama wa Kibembe wakachukua uwanja kwa ngoma zao na hakuna aliyeweza kuwatoa. Mwishoni ulikuja mtumbwi mpya. Wanaume waliubeba mabegani kupita sokoni, na yule aliyepoteza wa zamani ameketi ndani yake kama bwana harusi.

Aliyeutunza mtumbwi wake alipewa wali kama kila mtu, akaenda nyumbani na mtumbwi wake wa zamani.

Hapo ndipo tulipoharibikiwa. Sikumsikia mtu yeyote akisema kwamba alizamisha mtumbwi kwa makusudi. Waliacha tu. Waliacha kuziba nyufa kwa pamba na mawese, waliacha kubadilisha ubao uliooza, wakatoka ziwani siku ambazo zamani wangekaa nyumbani. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwetu, usipoziba ufa ulijengewa mtumbwi.

Mama aliona mapema. Kila jioni, dada aliporudi na vidole vilivyokunjamana kwa maji, mama alianza.

“Baba batoto, ziba ile mutumbwi.”

“Ya nini nizibe? Iache ikufe. Mutualite itatupatia ingine.”

“Na mutoto wangu?”

“Anajua kuogelea.”

Baba hakuwa mtu mbaya. Alitubeba mgongoni wakati wa vita vya kwanza, mimi na dada kwa zamu, na hakuwahi kulala ameshiba sisi tukiwa na njaa. Ningependa angekuwa mtu mbaya; ingekuwa rahisi kwangu. Alikuwa amechoka tu na mtumbwi wa zamani, na alitaka siku moja naye abebwe mabegani kupita sokoni.

Siku moja kabla ya sikukuu, alitumwa Lweba kuchukua ngoma za bamama. Asubuhi ilikuwa na upepo. Mama alisema wasubiri. Baba akasema ngoma hazisubiri, akamwita dada, na dada akachukua kopo lake nyuma ya mlango wa jikoni. Mimi niliachwa kwa sababu ngoma zingejaza nafasi yangu. Nililia kwa hasira, na dada akaniahidi kuniletea muwa.

Walipokuwa wanarudi, ubao wa chini uliachia. Wavuvi walioona wakiwa mbali walisimulia kwamba dada hakuruka majini. Aliendelea kukumba, haraka haraka, na baba akimpigia kelele aache, ashike ngoma. Wimbi likaja, mtumbwi ukafunguka. Ngoma zilielea. Baba aliokotwa amekumbatia moja. Dada alipatikana kesho yake, siku ya sikukuu yenyewe, karibu na mahali ambapo bamama walikuwa wamewasha moto wa kupikia.

Mbuzi walikuwa wameshachinjwa. Chakula kile kililiwa matangani, mbele ya nyumba yetu. Kwaya za Wakatoliki na Waprotestanti ziliimba pamoja, jambo ambalo halikuwahi kutokea, na Waislamu walichimba kaburi pamoja na wajomba zangu. Nakumbuka nilifikiri, kwa akili yangu ya kitoto, kwamba sikukuu haijawahi kuwa na watu wengi namna hii.

Kisha mutualite ikatimiza ahadi yake. Baada ya matanga waliuleta mtumbwi mpya mabegani, kimya, bila mtu ndani. Walikuwa watu wa haki. Waliuweka uani na kusimama wakitazama chini. Mama alitoka jikoni, akauzunguka mara moja.

“Mutumbwi tunaiona,” akawaambia. “Na ule wa kutosha mayi, mumemuachia wapi?”

Waliondoka mmoja mmoja.

Mtumbwi ule haukwenda ziwani. Mama alikataa hata kuanika nguo juu yake. Lakini baba aliutunza. Mbao zikikaa kavu juani hupasuka, kwa hiyo aliumwagia maji asubuhi na jioni, akaziba kila ufa kwa pamba na mawese, hata nyufa ambazo mimi sikuziona. Majirani walisema amerukwa na akili. Mimi nilimtazama kutoka mlangoni na kumchukia, kisha nikamhurumia, kisha nikamchukia tena. Kwa nini sasa? Niliweka swali hilo mdomoni miaka mingi na sikuwahi kulitoa.

Vita vya pili vilitufikia asubuhi, milio ikitokea upande wa Fizi. Watu wote walikimbilia ziwani kwa pamoja. Mutualite ilikufa siku ile, kwa maana ilijengwa kwa ajili ya mtu mmoja kuzama na wengine kumchangia. Tukizama wote, nani amchangie nani? Mitumbwi mingi ilikuwa ile ile iliyoachwa ioze. Niliona familia zikisukuma, zikipanda, na kurudi ufukweni maji yakiwa yamezifika magotini.

Wetu ulielea. Mama alisimama ufukweni akiutazama. Milio ilikaribia. Mama akaninyanyua, akaniweka ndani, akawavuta jirani yetu na watoto wake wakapanda pia. Yeye akaenda kukaa nyuma, mahali pa dada. Kutoka ndani ya kanga yake alitoa kopo la bati, kama lile la dada. Katika vyote vilivyokuwa nyumbani, ndilo alilochukua.

Baba na mjomba wangu mmoja walipiga kasia kuelekea ng'ambo, Tanzania. Mtumbwi ulikuwa mkavu kabisa. Mama aliinama, akakwangua ubao kwa kopo, akainua, akamwaga nje, akainama tena. Hakuna kilichomwagika. Watoto wa jirani walimtazama, na mama yao akawafunika macho. Sauti ile ya bati juu ya mbao ilitufuata mpaka milima ya kwetu ikafifia. Baba alikuwa ametugeuzia mgongo, akiendelea kupiga kasia.

“Mama batoto,” alisema mwishowe bila kugeuka. “Hakuna mayi.”

“Niko naona,” mama akasema, na akaendelea kukumba.