Mjomba Aliyehamahama na Moyo Wake

Daktari wa Musoma alimweleza mjomba kwa upole, mimi nimekaa pembeni nimeshika kofia yake. Moyo umepanuka. Baridi kali inabana mishipa, moyo unasukuma damu kwa shida. Joto kali linamaliza maji mwilini, moyo unakimbia. Wenye moyo kama wake hufariki zaidi hali ya hewa inapozidi, upande wowote ule.

"Sasa huo moyo unapumzikaga lini?" mjomba akauliza.

"Hali ya hewa ikiwa ya katikati, mzee."

Mjomba alitoka pale ameshaamua. Maisha yake yote alikuwa amehamisha ng'ombe kufuata majani. Sasa angejihamisha mwenyewe. Jua la Bunda likianza kuchoma, anapanda kwake Butiama, kilimani, penye miti. Baridi ya Juni na Julai ikikaza huko juu, anateremka Kabasa, hukohuko Bunda, kwa binti yake. Msindikizaji nikachaguliwa mimi. Ukoo mzima ulikubaliana kwamba mtu aliyemaliza kidato cha nne, akauza dagaa Kisorya, akapaka rangi nyumba za Musoma, akalinda ghala la pamba Bunda, na kote huko hakutimiza mwaka, ana kipaji cha kusafiri. Uzururaji wangu ukapata cheo.

Sitasema uongo, niliipenda kazi hiyo. Njiani mjomba alinionyesha mahali ambapo ng'ombe wake walikuwa wakinywa maji, na kila mara palikuwa kituo cha mafuta. Mimi nilimwonyesha vyumba nilivyowahi kupanga. Hakuna aliyemsikiliza mwenzake, na tulielewana sana.

Halafu Julai moja, tukiwa Kabasa kwenye joto letu, zikaja habari kwamba shemeji yake wa Butiama amefariki. Huyo alikuwa mume wa dada yake, yaani mama yangu mdogo, na rafiki yake wa ujana. Alikuwa na desturi ya kuoga alfajiri kwa maji yaliyolala nje, akisema maji ya moto ni ya wazazi na watoto wachanga. Asubuhi hiyo alianguka kando ya ndoo. Tukapanda kilimani na baridi yake. Msibani wengine walisema amerogwa, wengine wakasema ni moyo. Ndoo haikutajwa na mtu, na kesho yake nilimwona mwanawe mkubwa akiogea hiyohiyo.

Kwetu wanaume hulala nje kwenye moto wa msiba mpaka matanga yaanuliwe, na shemeji wa marehemu ndiye wa kwanza kutandika mkeka. Mtu ameuawa na baridi, na heshima ya mwisho tunayompa ni kwenda kulala kwenye baridi hiyohiyo.

Mama mdogo aliniita ndani. Macho yalikuwa yamevimba.

"Mwanangu, kaka yangu akilala nje nitafiwa mara mbili. Hanisikii. Fanya kitu."

Nikamwendea mjomba. Alikuwa tayari amekaa kwenye kiti chake karibu na moto, mluzi mwembamba ukimtoka kifuani kila akivuta pumzi.

"Mjomba, daktari alisema nini?"

"Daktari hajaoa kwetu," akajibu. "Unataka waseme nimemwachia marehemu baridi peke yake? Sisi tulikuwaga tunalala porini na ng'ombe, hata blanketi hatuna."

"Mlikuwa vijana."

"Na wewe ulikuwa mwanafunzi. Sasa unanifundisha."

Nilimtafuta mtani wetu. Ukoo wao na wetu wanataniana tangu zamani, na kwenye misiba yetu wana ruhusa ya kufanya lolote bila kukasirikiwa. Mama huyo alikuwa ameshinda ndani ya koti la marehemu, akiiga mwendo wake mbele ya waombolezaji. Nikamnong'oneza. Akaitikia kwa kichwa tu.

Jua lilipokuwa linazama, akasimama mbele ya mjomba, akamtazama, kisha akaangua kilio.

"Uwii, na huyu naye ameshatutoka. Mnangoja nini? Turubai lipo, wapishi wapo, tumlie hukuhuku tusipande kilima mara mbili. Mbebeni."

Watani wenzake wakamnyanyua na kiti chake.

"Nishusheni, nyie vichaa."

"Maiti haiongei, mzee. Unatutia aibu mbele ya wageni."

Kumkasirikia mtani ni aibu kubwa kuliko mwanamume kulala ndani wanakolala wanawake, na mjomba alilijua hilo. Akaingizwa ndani, akalazwa kwenye godoro, akafunikwa mablanketi mpaka kidevuni. Mtani akakaa mlangoni kumzuia asifufuke, huku akimlilia: alikuwa mtu mwema, ila mchoyo wa maziwa, na kuimba kanisani hakujua. Hata mama mdogo alicheka, kwa mara ya kwanza tangu kifo kile.

Asubuhi niliingia kutoka kwenye moto, mbavu zimekauka kwa baridi. Mjomba alikuwa amekaa anakunywa uji wa moto, dada yake pembeni akimtazama anavyomeza. Mluzi wa kifuani umepungua. Alikuwa amenuna.

"Yule mama," akaniambia, "usiku mzima ni maziwa, maziwa. Ng'ombe wangu hakuwataja hata mmoja. Mwambie leo jioni anilie vizuri, la sivyo narudi nje."