Manowari ya Baba wa Al-Malqa

Nilifika Al-Malqa, mtaa wa Riyadh, kufua na kupika, nikaishia kujenga manowari. Usicheke. Baba wa nyumba ile, ambaye ndiye kafili wangu, mdhamini wa kibali changu cha kazi, alikuwa rubani wa meli katika bandari ya Jeddah mpaka alipostaafu, wanawe wakamhamishia Riyadh, mji usio na hata dimbwi. Mikono ilikuwa inamtetemeka. Basi yeye akawa wa kusema, mimi wa kugundisha: vipande vya mbao, nyuzi, mizinga midogo kama karafuu. Ilikuwa mfano wa manowari ya kale, ya enzi zile watu walipopigana baharini kwa mbao na matanga, na ilijaza meza nzima.

Mkataba wangu ulikuwa umekwisha. Nyumbani Voi, mama alikuwa ameanza kusahau: kwanza sufuria jikoni, kisha majirani, kisha wajukuu. Dada yangu alinipigia, akaniambia kama nataka mama anijue nije upesi. Nikamwendea madam, binti wa baba. Akasema ruhusa ya kutoka nchini anaitoa baba. Nikamwendea baba.

"Tumalize manowari kwanza, binti yangu," akasema. "Ikiisha, halas, nakuandikia siku hiyo hiyo."

Haya. Ahadi ni deni, nikajiambia, nikafanya kazi kama mwenye wazimu. Nikiweka pasi chini tu, niko mezani. Huku nafunga kamba, yeye ananisimulia maisha ya meli ile: msitu uliokatwa kuijenga, wanaume waliokamatwa mitaani wakapandishwa kwa nguvu, vita, wadudu wa baharini waliotoboa mbao zake. Mzee alijua kusimulia, sitamnyima hilo. Kuna siku nilisahau kumchukia.

Tulipokwenda Jeddah kwa Idi, nyumbani kwa dada yake, mtaa wa Ruwais, manowari ilisafiri nasi garini, imeviringishwa blanketi, mimi nimeipakata. Huko ndiko nilikofunga tanga la mwisho. Nikapiga kigelegele peke yangu, bila haya. Baba akaizunguka, akaitazama sana, machozi yakimlengalenga. Kisha akaomba msumeno mdogo.

Akanieleza kwamba meli ile ilipigana vita miaka michache tu. Amani ilipokuja waling'oa milingoti, wakaifunga kwa minyororo bandarini, wakaijaza wafungwa. Umri wake uliobaki ilikaa hapo, haiendi popote, mpaka ikaoza, ikavunjwa, mbao zikauzwa. Sasa alitaka tuifanye ilivyokuwa miaka hiyo, kwa sababu ndiyo iliyokuwa mingi. Alisema kwa upole, wala hakuwa na nia mbaya, na hilo ndilo lililoniua. Mtu katili ningemlaani nikapumua.

"Na ruhusa yangu, baba?"

"Inshallah. Ikiisha."

Ningebisha kama nani? Nilitoka uani, nikampigia dada yangu, akamwekea mama simu sikioni. Nikasema ni mimi, mwanao. Akanisikiliza kwa adabu, kama alivyowasikiliza wageni siku zote, akaniuliza mimi ni wa kwa nani. Nikamtajia jina lake mwenyewe.

Akasema huyo hamjui. Lakini nikiwa napita njia ya Voi nisione haya kuingia, chai haikosekani.

Nikamwambia asante, mama, nitapita. Nikarudi ndani nikashika mlingoti, baba akakata.