Nilivyomkaribisha Naibu Gavana

"Hivi naibu gavana anafanya kazi gani hasa?" Mzee Selemani aliniuliza hivyo asubuhi moja ya mwaka 2014, na mimi, mwenye digrii ya siasa niliyekuja Durban kwa masomo ya uzamili, nikakimbilia kuisoma katiba. Aibu yangu ilianzia hapo, na nikiikumbuka hadi leo natamani kuingia uvunguni.

Naibu gavana wa kaunti yetu alikuwa Durban kwa mkutano, nasi Wakenya tukamwomba apite kwenye ukumbi wa kanisa la Warundi pale mtaa wa Point, kwa sababu kijana aliyekuwa dereva wa lori bandarini, mtoto wa Mkenya mwenzetu Mama Akinyi, alikuwa amefariki na mwili ulikuwa haujapata njia ya kurudi nyumbani. Mzee Selemani (Mtanzania, muuza mitumba wa soko la Warwick, mwenyekiti wetu sote wasema Kiswahili) akanipa kazi moja tu: nimkaribishe mgeni kwa maneno mawili.

Maneno mawili! Nikaona heri nitoe somo. Nikaeleza kwamba cheo hiki kimeletwa na katiba mpya, kwamba manaibu wa kwanza wameingia mwaka jana tu, kwamba hawapigiwi kura yao wenyewe bali hubebwa na gavana, wanafunzi wenzangu wakacheka, na kicheko (kinalevya, jamani) kikanisukuma mbele: "Kazi yake kubwa ni kutumwa matangani, akasome rambirambi za mkubwa wake!"

Safari hii nilicheka peke yangu. Mstari wa mbele alikaa Mama Akinyi, upindo wa leso mdomoni.

"Eish, mwanangu," Mzee Selemani akaninong'oneza, "kaa chini."

Naibu alisimama taratibu. "Binti hajadanganya. Nimetumwa matanga mengi."

"Na ya mwanangu, Mheshimiwa," Mama Akinyi akauliza, "utatumwa?"

"Nitakuja, mama."

Akazungumza na ubalozi, na mwili ukaondoka pamoja na mama mtu. Mimi sikupata hata ujasiri wa kumwomba Mama Akinyi radhi. Bado nahoji kila kitu, lakini tangu siku ile sishiki kipaza sauti kabla sijatazama nani amekaa mbele yangu.

Mama Akinyi aliporudi Durban hakunigusia habari za mazishi, nami sikuthubutu kuuliza. Miaka ikapita ndipo aliponieleza: gavana alimkataza naibu wake kwenda, kwa kuwa ukoo wa marehemu ulimpigia kura mpinzani wake. Naibu alikuja hivyo hivyo, kwa gari la kukodi, na alipoombwa asome salamu za gavana akasema hana, akachukua sepetu, akafukia kaburi pamoja na wajomba wa marehemu.